Jinsi Mkemia Avijuavyo Vitu kwa Muda Wake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Masama)



Tumeombwa tunene habari ya kromatografia ya gesi, nasi tumekubali, ingawa sisi si wakemia bali ni makarani. Kazi yetu ni kunakili na kutunza taarifa za wenye elimu hiyo. Lakini taarifa hizo aghalabu hufika mahakamani, na mtu aweza kufungwa au kuachiliwa kwa neno moja lililomo. Yatupasa basi tujue neno lile limepatikanaje.

Na tuanze na kitu kilicho karibu. Hapa Masama nani asiyeijua mbege? Ndizi zilizopikwa, ulezi ulioota na kusagwa, na gome la msesewe liletalo uchungu. Pombe ya ndizi ikiisha kuchacha haina kitu kimoja ndani yake. Mna ethanoli, ndiyo ileweshayo. Mna ethili asetati yenye harufu tamu. Mna isoamili asetati, ambayo ndiyo harufu ya ndizi mbivu. Na pengine mna metanoli kidogo itokanayo na pektini ya matunda. Mkemia hutakiwa kuvitenga vyote hivi na kuvitaja kwa majina.

Mashine yake ina mrija mwembamba sana, pengine wa mita 30, uliozungushwa ndani ya tanuri. Gesi kama heliamu hupita ndani yake daima. Ukuta wa ndani umepakwa utando, na mvuke wa pombe ukitiwa mwanzoni, kila kitu hushikwa na utando ule kwa kadiri yake, kisha huachiliwa, hushikwa tena, hata kitoke mwisho wa mrija, na hapo huandikwa kilima katika karatasi. Dakika zilizopita tangu kutiwa hata kilele cha kilima ndizo muda wa kukawia.

Fikirini watu wawili washukao garini Boma ya Ng'ombe, wapande kwa miguu kuja kwetu. Asiye na jamaa njiani hufika upesi. Mwenye mashangazi wengi hukaribishwa kila nyumba, naye hufika jua limekuchwa. Lakini mtu akifika saa kumi, je, saa hiyo yatuambia jina lake? La. Yatuambia tu kwamba aweza kuwa fulani, na kwamba wale wafikao siku zote saa nane siye.

Tena muda wenyewe hubadilika. Tanuri likizidi moto, au gesi ikienda kasi, au mrija ukikatwa kidogo, vilima vyote husogea. Kwa ajili hiyo Ervin Kováts alitunga kipimo mwaka 1958, miaka sita baada ya James na Martin kuitangaza njia hii. Huchukua haidrokaboni nyofu kama mawe ya maili: oktani yenye kaboni 8 huitwa 800, nonani yenye 9 huitwa 900. Tuseme tanuri linaongezwa moto kwa mwendo mmoja, oktani imetoka dakika ya 10, nonani ya 15, na kitu kisichojulikana dakika ya 13.8. Huyo amekwenda sehemu 76 katika 100 za njia iliyo kati yao; namba yake ni 876. Katika utando wa silikoni, hiyo ndiyo namba ya isoamili asetati, au karibu nayo sana. Lakini ndugu yake, 2-methilibutili asetati, yu karibu 880! Mwenye haraka atamwita huyu kwa jina la yule.

Kwa harufu ya ndizi kosa hilo si kitu. Kwa metanoli ni jambo la roho za watu. Mwezi wa Novemba 2000 jijini Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa metanoli, na wengine wakapofuka. Basi sikilizeni: katika utando wa poliethilini glikoli, ethili asetati na metanoli hutoka karibu karibu. Mama aliyepika pombe yake vema, yenye harufu tamu tu, aweza kuandikiwa sumu. Na sumu yenyewe yaweza kupita kwa jina la harufu. Dawa yake ni kuwapitisha njia ya pili, yenye jamaa wengine. Katika silikoni metanoli hutangulia mbele ya ethanoli, na ethili asetati hufuata nyuma yake. Metanoli halisi hupitishwa pia siku ile ile, ili muda ulinganishwe. Tena maabara nyingi sasa hufunga mwishoni mwa mrija mashine ya kupima uzito wa vipande vya molekuli, nayo ni shahidi wa namna nyingine kabisa.

Hata jina likithibitika, haitoshi kuandika "metanoli imo", maana kidogo hutokea kwa matunda yenyewe. Lazima kiasi kiandikwe.

Sasa neno letu kwa makarani. Twaona nakala zikifupishwa ili zienee ukurasa mmoja, na mistari iachwayo ni hii hii: utando upi, moto kiasi gani, mwendo wa gesi, kielelezo gani kilipitishwa, mirija mingapi. Hakimu apata jina na dakika tu. Wakili akiuliza dakika hizo ni za mrija upi, hapana awezaye kujibu, na chupa imekwisha kumwagwa. Mistari hiyo inakiliwe yote, hata ikibidi karatasi ya pili.