Walivuta Mtandao kwa Ajili ya Watoto Wao

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sekondari. Tumeyachapa ili nawe uliye mbali uyasome.)



Najua mlitegemea nije na somo la malaria au usafi wa vyoo. Hayo tutayafikia siku nyingine. Leo tuzungumze juu ya upweke, maana nao ni suala la afya.

Hebu nikuulize wewe unayesoma bweni, au unayeishi kwa shangazi mjini kwa sababu sekondari iko huko. Wiki ya kwanza ulilala vipi? Ulimwambia nani kwamba umewakumbuka nyumbani? Au ulijifunika shuka ukalia kimya kimya, wenzako wasije wakakucheka?

Shika swali hilo. Sasa twende mbali kidogo, kaskazini mwa Kanada, kisha tutalirudia.

Katika jimbo la Ontario, upande wa kaskazini-magharibi, kuna misitu na maziwa mengi ajabu. Humo wanaishi wenyeji wa asili, watu ambao mababu zao walikuwa pale kabla Wazungu hawajafika. Vijiji vyao vingi vina watu mia chache tu, na havina barabara ya mwaka mzima. Baridi ikizidi, maziwa yanaganda na magari yanapita juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka, ni ndege ndogo tu.

Sasa mtoto akimaliza darasa la nane, kijijini hakuna sekondari. Ana miaka kumi na minne hivi. Anapanda ndege kwenda mji kama Thunder Bay au Sioux Lookout, anakaa katika nyumba ya watu asiowajua. Lugha nyingine, chakula kingine, na wapo wanaomdharau kwa sababu ya asili yake.

Na kuna kidonda cha zamani. Kwa zaidi ya miaka 100, serikali na makanisa yalikuwa yakiwachukua watoto wa wenyeji hao na kuwaweka katika shule za bweni ili wasahau lugha na mila zao. Mwaka 2008 serikali iliomba radhi bungeni. Kwa hiyo mzazi wa kule akimsindikiza mwanawe kwenye ndege ili akasome, anakumbuka mengi.

Tena hofu yake si ya bure. Kati ya mwaka 2000 na 2011, wanafunzi saba wa wenyeji wa asili walifariki Thunder Bay, mji waliokwenda kusoma. Watano kati yao walikutwa mtoni. Uchunguzi wa hadhara ulimalizika mwaka 2016 na kutoa mapendekezo 145. Sisemi upweke ndio uliowaua. Mambo yalikuwa mengi, na baadhi ya vifo mpaka mwisho wa uchunguzi havikujulikana vilitokeaje. Ninachosema ni hiki: mtoto aliye mbali na kwao anahitaji kamba ya kumshikilia.

Kamba hiyo, watu wa vijiji vile walikuwa wameanza kuisuka mapema. Kuna umoja wa machifu wa vijiji sita, unaitwa Keewaytinook Okimakanak, yaani machifu wa kaskazini. Mwaka 1994 walianzisha kitu kidogo sana, wakakiita K-Net. Kilikuwa kama ubao wa matangazo ndani ya kompyuta. Unaunganisha kompyuta yako kwa njia ya simu, unaacha ujumbe, mwenzako anausoma baadaye. Basi! Na kwa nini walianzisha? Ili wanafunzi waliokwenda mjini wasikatike na ndugu na rafiki zao.

Kumbuka kwamba miaka ile simu zenyewe zilikuwa shida katika vijiji vile. Makampuni hayakuona faida ya kupeleka mitambo kwa watu wachache walio mbali hivyo. Wangeweza kukaa na kulalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini waliketi wakapiga hesabu. Zahanati peke yake haiwezi kulipia mtandao. Shule peke yake haiwezi. Ofisi ya chifu peke yake haiwezi. Je, wakiunganisha nguvu? Kidole kimoja hakivunji chawa. Walijumlisha mahitaji yao, wakaibana serikali itoe fedha, wakawafundisha watu wao wenyewe kufunga na kutengeneza mitambo. Kwingine walitumia minara, na Fort Severn, kijiji cha kaskazini kuliko vyote Ontario, walitumia setilaiti.

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Kwa kuwa mtandao ulikuwa mikononi mwao, wao ndio walioamua ufanye kazi gani kwanza. Na waliamua shule na afya.

Shule yao ya sekondari ya mtandaoni ilianza mwaka 2000 hivi. Usidhani kila mtoto alijifungia chumbani na kompyuta, la! Kijijini kuna darasa, na darasani kuna mwalimu kabisa, mtu wa nyama na damu. Mwalimu wa kijiji hiki anafundisha hesabu kwa wanafunzi wa vijiji vyote, wa kijiji kile anafundisha sayansi. Mtoto anasoma, jioni anakula kwa mama yake.

Na zahanati je? Huko wanakaa wauguzi, daktari anakuja kwa zamu. Zamani kumwona bingwa ilikuwa lazima upande ndege. Siku hizi wapo wagonjwa wanaoketi mbele ya kamera, muuguzi akaweka kipimo kifuani, na daktari aliye mamia ya kilomita akasikia mapigo ya moyo. Hata mtaalamu wa afya ya akili anapatikana kwa njia hiyo. Na bibi aliyelazwa mjini anaweza kuwaona wajukuu zake na kuongea nao kwa lugha yao.

Je, matatizo yamekwisha? Hapana. Wengine bado wanakwenda mjini, maana wanataka maabara, michezo na marafiki wengi. Na waya uleule unaoleta sauti ya mama unaweza kuleta matusi na uchokozi. Mtandao ni chombo tu, haumkumbatii mtu.

Sasa turudi kwetu, kwenye swali langu. Ufanye nini?

Kwanza, ukiwa mpweke, sema. Kukumbuka nyumbani si utoto. Lakini ukiona siku zinapita huli, hulali, masomo hayaingii, au unatamani usiwepo duniani, usingoje. Mwambie mwalimu unayemwamini, matroni, au nenda zahanati leo hii.

Pili, usikatike na kwenu. Wenzetu walianza na ujumbe mfupi tu kwenye kompyuta. Kama shuleni simu hairuhusiwi, una kalamu. Andika barua.

Tatu, msingoje mtu aje awatengenezee kila kitu. Ketini mjiulize: hapa shuleni nani amekatika na wenzake, na sisi pamoja tuna nini cha kumsaidia? Mpelekeeni mkuu wa shule ombi lililopangwa vizuri. Mkiombea saa moja ya simu kwa wiki kwa bweni zima, mtasikilizwa kuliko kila mmoja akinung'unika kivyake.

Na usiku wa leo, kabla taa hazijazimwa, angalia kitanda cha jirani. Kama kuna aliyejifunika shuka mapema mno, usimcheke. Muulize kwao ni wapi, kisha umsikilize mpaka amalize.