Kuotesha Ukoka kwa Mbegu Katika Udongo Mweusi

Kipindi hiki cha elimu kwa umma kinaeleza namna ya kuotesha ukoka, yaani nyasi fupi zinazotambaa, katika udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana Kitengela na Athi River nchini Kenya. Udongo huo huvimba unaponyeshewa na kupasuka nyufa unapokauka, kwa sababu chembe zake ndogo mno hunyonya maji na kuyashikilia, hivyo mizizi michanga hukosa hewa wakati wa mvua na hukatika wakati wa kiangazi.

Udongo hulimwa ukiwa na unyevu wa wastani, ambapo bonge likifinywa mkononi hufikichika bila kunata, kisha huchanganywa na mboji, yaani samadi na mabaki ya mimea yaliyooza kabisa, kwa tabaka la sentimita 5 ndani ya sentimita 15 za juu. Mchanga kidogo hausaidii, bali huweza kuufanya udongo ushikamane zaidi. Uwanja huachiwa mteremko mdogo ili maji yasituame.

Mbegu hutawanywa mwanzoni mwa mvua za masika, nusu kwa urefu wa uwanja na nusu kwa upana wake, na kufukiwa kwa reki kwa kina kisichozidi nusu sentimita. Pasiponyesha, humwagiliwa kidogo kidogo kila siku hadi zichipue, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu. Baadaye maji hutolewa kwa nadra lakini kwa wingi, ili mizizi ishuke chini.