Nyumba na nyumbani: tuzungumze tungali hai



Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikuwa kimeweka pesa za mabati. Leo mabati hayapo, pesa zilienda mochari. Mume wa mwanachama alifariki mjini. Mama akataka amzike kwenye ploti waliyonunua pamoja, ndugu za mume wakasema lazima arudi kwa baba yake. Wakavutana wiki tatu, na bili inapanda kila siku. Watoto, wazaliwa wa mjini, waliuliza tu: "Huko nyumbani ni wapi?" Hakuna aliyewahi kuwaonyesha hata kaburi la babu yao.

Wengi wetu tunaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao huko Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukakataa: mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini nyumbani ni kwa baba zake. Mashahidi wa mjane walieleza kwamba marehemu mwenyewe alitaka Ngong. Haikusaidia. Mwili ulikaa zaidi ya siku 150, hadi Mei 1987 alipozikwa Nyalgunga, Siaya, baada ya Mahakama ya Rufaa kuupa ukoo ushindi.

Je, mila ni mbaya basi? Sisi hatusemi hivyo. Kaburi ni ukumbusho hata kwa asiyejua kusoma. Tumeona wazee wakimaliza ugomvi wa mpaka kwa kuonyesha tu mahali nyanya alipolala. Shida ni kwamba mara nyingi wanaogombania maiti wanagombania shamba. Jamani, kuzika si kurithi! Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inamtambua mjane na watoto, kaburi likiwa hapa au kule. Mama asiogope kwamba mume akizikwa kwao, yeye amepoteza ploti.

Kuna wanaotuuliza, je, nikiandika kwenye karatasi nizikwe wapi, imetosha? Hapana. Mahakama huyaangalia matakwa ya marehemu, lakini hayaifungi. Kwa hiyo andika, halafu uyaseme kwa mdomo wako mbele ya mke au mume, ndugu zako na mzee wa ukoo, wote wakiwa wameketi pamoja. Kama kuna anayepinga, apinge ukiwepo umjibu. Tunajua ni vigumu, watu husema unajiitia kifo. Sisi wenyewe tulipojaribu nyumbani kwetu, shangazi mmoja aliinuka akaondoka na kiti chake. Jioni alirudi, akatutajia majina ya mababu ambayo hatukuwahi kuyasikia.

Basi mkutano ujao kila mmoja aje na majina ya babu na nyanya zake, mahali walipozikwa, na nani alihama kutoka wapi. Mama aliyeolewa alete ya pande zote mbili. Daftari tutaleta sisi, kalamu njooni nazo.