Wazee Wasikutane Misibani Tu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Igawa, wilayani Mbarali, mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya sherehe za jamii na nafasi ya wazee ndani yake. Aghalabu jambo hili huhesabiwa kuwa dogo. Tunapoketi kupanga maendeleo ya kijiji tunataja maji, barabara, zahanati na madarasa. Sherehe huzikumbuka mwishoni mwa kikao, na wazee katika sherehe huwakumbuka wakati watu wameanza kusimama. Nia yangu ni kueleza kwamba jambo hili si dogo hata kidogo, na kwamba ufumbuzi wake umo mikononi mwenu kuliko ulivyo mikononi mwa mtu mwingine yeyote.

Naomba nianze na swali. Je, wazee wa vijiji vyetu hukutana wapi? Mzee mwanamume hukutana na wenzake kilabuni, penye ulanzi au komoni. Mzee mwanamke hukutana na wenzake kanisani au msikitini, maadamu miguu yake ingali na nguvu za kumfikisha. Lakini mahali ambapo wote hukutana, wake kwa waume, wa dini zote na wa makabila yote, ni pamoja tu: msibani. Hapo ndipo bibi wa upande huu wa barabara humwona shoga yake wa upande wa pili ambaye hawajaonana kwa miezi mingi. Hapo ndipo hujuliana hali, hukumbushana ya zamani na hata kucheka kidogo kwa siri. Imefika mahali ambapo mzee akionekana amevaa nguo yake nzuri, majirani huuliza nani amefariki. Ndugu zangu, jamii inayowakutanisha wazee wake kwa sababu ya kifo peke yake haina budi kujiuliza imekosea wapi.

Katika Igawa swali hili lina uzito wa pekee. Hiki ni kituo cha barabarani, penye daraja la Mto Mbarali, katika njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, karibu na mahali ambapo uwanda wa Usangu unapoanza kupanda kuelekea nyanda za Makambako. Barabara imewaleta hapa watu wa kila upande. Wapo Wasangu wenyeji wa uwanda huu, wapo Wabena na Wahehe, wapo Wakinga na Wanyakyusa waliofuata biashara na mashamba. Wapo wafugaji waliotoka mbali na ng'ombe wao, na jirani hapo Rujewa wapo Wabaluchi ambao wazee wao walishiriki kueneza kilimo cha mpunga wa kumwagilia kabla ya Uhuru. Wengi walifika wakiwa vijana. Sasa wamezeeka hapa, mbali na koo walikozaliwa.

Naomba tulitafakari hilo. Katika kijiji cha ukoo, mzee ana nafasi yake bila kupewa na mtu. Ataitwa kwenye posa, ataitwa kwenye matambiko, ataitwa kugawa urithi na kusuluhisha ugomvi. Katika mji wa barabarani hana wa kumwita. Watoto wake huondoka alfajiri kwenda shambani au kuuza bidhaa kwenye magari, na wengine wamekwenda Mbeya, Makambako au Dar es Salaam. Wajukuu wako shuleni. Yeye hubaki uani tangu jua linapochomoza hadi linapotua, akisikiliza malori yanavyopita. Kwa hiyo nafasi ambayo zamani mzee aliipata kwa ukoo, leo haina budi kutengenezwa kwa makusudi na kijiji chenyewe.

Na wazee hao ni akina nani? Tusidhani tunazungumza juu ya watu wa hadithi za kale. Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na umri wa miaka 23 mwaka 1973, wakati kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu kiasi cha milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kinga ya maradhi na kuchimba vyoo. Ndio vijana waliokuwa na nguvu wakati wa ujenzi wa Reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, reli ambayo imepita katika uwanda huu huu. Ndio waliohamia katika vijiji vipya miaka hiyo, wakaanza kujenga upya pasipo na nyumba wala kisima. Ndio waliolima mpunga katika shamba la Mbarali lilipoanzishwa kwa msaada wa China. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alieleza kwamba mzee ambaye huonekana anastarehe bila kazi, kwa hakika alikwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake. Tunapozungumza juu ya starehe za wazee, basi, hatuzungumzi juu ya sadaka. Tunazungumza juu ya haki ambayo imekwisha kulipiwa.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kusema kwamba hatuna sherehe. Tunazo Mei Mosi, tunayo Nane Nane ambayo kwa kanda yetu hufanyika katika uwanja wa John Mwakangale mjini Mbeya, tunazo mbio za Mwenge. Tunayo pia Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, ambayo Umoja wa Mataifa uliiamua mwaka 1990 na ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Lakini tutazame mzee hufanya nini katika shughuli hizo. Maadhimisho makubwa hufanyika mbali, na wajumbe wachache ndio huenda. Aliyebahatika kufika huketishwa kwenye kiti cha plastiki, husikiliza hotuba za watu wenye umri wa wanawe, hupigwa picha akipokea mfuko wa sukari, kisha hurudishwa nyumbani. Amehudhuria, naam, lakini hakushiriki. Amefanywa pambo la meza kuu.

Kuna mifano ya namna nyingine. Huko Makunduchi, Unguja, kila mwaka mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa. Vijana hupigana kwa mabua ya migomba, wanawake huimba, kibanda cha makuti huchomwa moto. Wageni hutoka mbali kuja kutazama. Lakini mwenendo wa shughuli yenyewe huongozwa na wazee wa mila, kwa sababu wao ndio wanaojua kipi hutangulia na kipi hufuata. Pale mzee si mgeni wa sherehe. Ni mwenye sherehe.

Mfano wa pili unatoka Japani, nao unatufaa kwa sababu ulianzia kijijini. Mwaka 1947, vita ikiwa imekwisha miaka miwili tu na nchi ikiwa maskini, kijiji kimoja cha mkoa wa Hyogo kilichagua tarehe 15 Septemba iwe siku ya kuwakusanya wazee wake. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu kazi za shamba huwa zimepungua na hali ya hewa ni nzuri. Shabaha ilikuwa kuwaheshimu wazee na pia kupata busara yao katika kujenga kijiji. Jambo hilo lilienea vijiji vingine, na mwaka 1966 likawa sikukuu ya taifa zima. Kijiji hicho hakikungoja waraka kutoka makao makuu. Kilitazama kalenda ya kilimo, kikaamua.

Yamkini yupo atakayeniambia kwamba wazee wanahitaji chakula na dawa, si ngoma. Hoja hiyo ni nzito na ninaiheshimu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, ambayo ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na huku Bara kaya maskini zimesaidiwa na TASAF. Hakuna sherehe itakayochukua nafasi ya mambo hayo, na mtu yeyote asiitumie sherehe kuficha upungufu wa dawa katika zahanati. Lakini chakula na dawa havitibu upweke. Mtu asiyesemeshwa kutwa huacha kula hata chakula kilichopo. Tena mkusanyiko ndiyo njia nyepesi ya kuwafikishia huduma: mganga wa zahanati anaweza kupima shinikizo la damu, sukari na macho ya wazee wengi kwa asubuhi moja, ambao pengine wasingefika kwake mwaka mzima.

Kuna jambo la pili ambalo hatulisemi kwa sauti. Tangu miaka ya 1970 taifa letu limefedheheshwa na mauaji ya vikongwe, hasa akina mama wa Kanda ya Ziwa, walioshukiwa uchawi kwa kuwa wana macho mekundu. Wekundu huo aghalabu ulitokana na moshi wa kuni walizopikia jamaa zao kwa miaka mingi. Kanda yetu nayo si safi kwa shuku za namna hii. Je, shuku hizo humwangukia nani? Humwangukia anayeishi peke yake, ambaye watoto wa jirani hawajapata kuisikia sauti yake. Bibi ambaye kijiji kizima kilimwona mwezi uliopita akicheza ngoma, akiwafundisha wasichana kusuka ukili na akishindwa kuzuia kicheko, si rahisi kumzulia jambo. Watoto wanamwita bibi kwa jina. Kumtoa mzee uani na kumleta hadharani ni ulinzi wa maisha yake.

Sasa nije kwenye utendaji. Napendekeza kijiji kiwe na siku yake ya wazee baada ya mavuno ya mpunga, mpunga ukiwa ghalani na njia zikiwa kavu. Shughuli ianze asubuhi na iishe kabla jua halijawa kali, chini ya miti au turubai, choo kikiwa karibu, na viti vyenye mahali pa kuegemea. Chakula kiwe laini na kiliwe mapema. Michango iwe mchele, maharagwe na kuni kutoka kwa kila kaya, maana fedha taslimu huleta maneno. Hotuba iwe moja, tena fupi.

La muhimu zaidi, kila mzee awe na jambo la kufanya. Wachezaji wa bao wawekewe mashindano. Asiyejua bao asisahauliwe, hasa akina mama, ambao katika mila zetu wengi hawakuketi kwenye bao. Wao waonyeshe ususi wa mikeka na vikapu, na wawe waamuzi wa mapishi ya zamani. Mwenye ligombo, kile kinanda cha nyuzi cha Wahehe, apige. Kila kabila lipewe zamu ya ngoma yake na wengine waitikie. Mwaka 1962, mara baada ya nchi kuwa Jamhuri, iliundwa wizara ya utamaduni kwa imani kwamba ngoma zetu ni mali ya taifa zima, na Igawa ni mahali pazuri pa kuithibitisha imani hiyo. Wale wasioweza kutoka kitandani wapelekewe chakula na wanafunzi, wakae nao kidogo, wasikimbie kama tarishi.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wenye miaka 60 na zaidi, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautambua kuwa wa uzee, ni karibu 6 katika kila watu 100. Maana yake, kwa kila mzee tuna vijana na watoto wengi wa kumsikiliza. Mpeni kila mwanafunzi daftari na maswali matatu: Ulikuja Igawa lini? Mto huu ulikuwaje wakati huo? Ulifanya kazi gani ambayo sisi hatuijui? Leo tunabishana juu ya maji ya Usangu, mipaka ya malisho na mashamba. Wapo wazee wanaokumbuka mfereji upi ulitangulia na maji yalifika wapi wakati wa kiangazi. Penye wazee haliharibiki neno, lakini neno hilo halitasikika kama hakuna aliyeuliza.

Nanyi watumishi wa kijiji na kata, msiiache kazi hii kwa Baraza la Wazee peke yake. Liulizeni baraza wazee wanataka nini, kisha mtafute turubai, usafiri na mganga. Wala siku moja kwa mwaka haitoshi. Baada ya sherehe kubwa, pawe na asubuhi moja kila mwezi ya kukutana, pasipo hotuba wala bango, penye uji, bao na mazungumzo tu. Hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji mtu mmoja mwenye kalenda, na kijana mwenye pikipiki wa kuwafuata walio mbali.

Ndugu zangu, orodha ya wazee wa kila kitongoji inaweza kuandikwa wiki hii na wanafunzi wa darasa la sita: jina, umri, mahali anapokaa, na kama anaweza kutembea. Nawasihi tuanze na orodha hiyo. Tukiwa nayo tutajua ni nani hajaonekana tangu msiba uliopita, na tutakwenda kumbishia hodi kabla hatujaitwa kwa ajili ya msiba wake.