Tusiwaite "Mateja"

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, ametukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Hata hivyo, kijana aliyenaswa na heroini twamwita "teja", tena mlangoni mwa msikiti! Unga ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini Bukhari amepokea habari za mtu aliyeadhibiwa mara nyingi kwa ulevi. Mwenzake akamlaani, naye Mtume s.a.w. akakataza, akishuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu ilibaki, laana ikazuiwa.

Tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, yawatibu waraibu kwa methadoni. Aendaye huko ni mgonjwa. Tumwite jina alilopewa siku ya akika, na safuni tumpishe nafasi.