Matrekta makongwe ya bustani na zana zake: urithi wa Toronto

Kampuni iliyoyaunda ilikwisha kuihama Toronto, lakini matrekta madogo ya miaka ya 1940 na 1950 yangali yakilima, yakikata nyasi na kusukuma theluji. Makala haya yanaeleza ni kipi kinachoyaweka hai, na kwa nini baadhi yake yanapata zana kwa urahisi ilhali mengine yanahangaika.

Wasikilizaji, anayepita leo katika barabara ya King, magharibi ya kitovu cha mji wa Toronto, hulikuta jengo la matofali lenye namba 915. Ndani yake wanaishi watu. Zamani lilikuwa ofisi kuu ya kampuni ya Massey. Karakana zilizolizunguka, ambamo maelfu ya wafanyakazi walifua majembe na mashine za kuvunia, nyingi zimekwisha kubomolewa.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko nafasi ya makala haya, kwa hiyo itoshe kutaja hatua zake kubwa. Daniel Massey alianza kutengeneza zana za kilimo mwaka 1847 katika kijiji cha Newcastle, mashariki ya Toronto. Mwanawe, Hart Massey, aliihamishia kazi hiyo Toronto mwaka 1879, na mwaka 1891 akaiunganisha na ya mshindani wake, Harris wa mji wa Brantford. Ndivyo ilivyozaliwa Massey-Harris, iliyokuja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa zana za kilimo katika himaya yote ya Uingereza. Ukumbi wa muziki wa Massey Hall, uliofunguliwa mwaka 1894, ni zawadi ya Hart Massey kwa mji huo. Wengi wanaokwenda kusikiliza muziki humo hawajui kwamba fedha za kuta zile zilitokana na mashine za kukatia nyasi na ngano.

Mwaka 1947 kampuni hiyo ilianza kuunda trekta dogo kuliko yote iliyopata kuyauza, katika kiwanda chake cha Woodstock, kusini-magharibi ya Toronto. Iliipa jina la Pony, yaani farasi mdogo. Injini yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Continental, ilikuwa na silinda nne na ujazo wa takriban lita moja tu, na nguvu zake zilikuwa kama za farasi 11. Lilikusudiwa kwa mkulima wa mboga, kwa mwenye shamba dogo aliyekuwa bado akitumia farasi wa kweli, na kwa mashamba makubwa yaliyohitaji trekta la pili la kazi nyepesi. Lilipakwa rangi nyekundu, na hadi leo wanaokusanya mitambo ya kale katika jimbo la Ontario hulipenda mno.

Hata hivyo, anayelinunua Pony leo hugundua upesi kwamba injini si taabu yake kubwa. Injini ile ni nyepesi kufunguliwa, na fundi mwenye subira huweza kuifufua. Taabu ni zana. Jembe la Pony, palizi yake na mashine yake ya kukatia nyasi viliundwa kufungwa kwa bolti kwenye fremu ya Pony na si penginepo. Viliinuliwa kwa mtaimbo wa mkono, au kwa haidroliki kwa mnunuzi aliyelipa zaidi. Zana hizo zilitupwa au ziliuzwa kama chuma chakavu, na trekta likabaki peke yake. Mwenye nalo hana budi kuzunguka minadani na katika maghala ya wakulima wazee akitafuta jembe la miaka 70 iliyopita. Akishindwa, humwendea fundi wa kuchomelea amtengenezee kiungo cha kubuni.

Wakati Pony likianza kuuzwa Ontario, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, lilikuwa likiundwa trekta jingine dogo, la rangi ya kijivu. Hilo ni Ferguson TE20, lililotoka kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na zaidi ya nusu milioni yaliundwa. Ubora wake haukuwa katika nguvu. Ulikuwa nyuma yake: mikono miwili chini na mmoja juu, iliyolishika jembe kwa pini tatu. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliona kwamba jembe likivutwa kwa mnyororo huwa mzigo mfu, na likigonga kisiki trekta huweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Likishikwa kwa mikono mitatu, uzito wa jembe na wa udongo huyakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze, na mkono wa juu husukuma mbele ili trekta lisiinuke. Mkono huohuo huipasha haidroliki habari: udongo ukiwa mgumu, jembe huinuliwa kidogo, kisha hushuka tena. Hivyo trekta lenye uzito wa zaidi kidogo ya tani moja liliweza kufanya kazi ya trekta zito kulishinda.

Mwaka 1953 Massey-Harris iliungana na Ferguson, na kuanzia mwaka 1958 jina likawa Massey Ferguson, makao makuu yakiwa Toronto. Lakini ile mikono mitatu haikubaki mali ya kampuni moja. Ferguson alikuwa ameishtaki kampuni ya Ford mwaka 1948 kwa kuutumia ubunifu wake, na kesi hiyo ilimalizika mwaka 1952 kwa Ford kukubali kumlipa dola milioni 9 na robo. Hataza za msingi zilipokwisha muda wake, viwanda vyote viliufuata mtindo huo, na vipimo vikawekwa vya kimataifa. Kwa matrekta ya kadiri hiyo, pini za chini zina unene wa milimita 22, na ya juu 19. Matrekta madogo zaidi ya bustani hutumia pini za milimita 16.

Hapa ndipo tofauti inapodhihirika. Mwenye Ferguson la mwaka 1950 huko Milton au Caledon, nje kidogo ya Toronto, huweza kwenda leo dukani akanunua bamba jipya la kusukuma theluji, akalifunga kwa pini tatu, na kulitumia jioni hiyohiyo. Mwenye Pony, ambalo kwa uzuri wa umbo pengine linalipita lile la kijivu, hawezi.

Si kila kitu hukubaliana, bila shaka. Shafti ya nyuma ya Ferguson la kale, ile inayozungusha zana, ni nyembamba kuliko kipimo kilichokuja baadaye, na huhitaji kiungo cha kuinenepesha. Tena kuna hatari ambayo wauzaji aghalabu hawaitaji. Katika TE20 shafti hiyo hupitia klachi ileile ya magurudumu. Dereva anapokanyaga klachi akiwa anavuta mashine nzito ya kukatia nyasi, visu huendelea kuzunguka kwa kasi yake na kulisukuma trekta mbele, likaingia kwenye ua au mtaroni ilhali mguu wake ungali umekanyaga. Dawa yake ni kiungo kinachoruhusu visu kuzunguka bila kulirudishia trekta nguvu. Hakigharimu fedha nyingi, na ni upumbavu kuliendesha trekta hilo na mashine ya namna hiyo bila kukifunga. Vilevile matrekta hayo hayakuundwa na fremu ya kumkinga dereva. Anayevuta gogo kwa mnyororo aliouzungusha juu ya mhimili wa nyuma huweza kupinduliwa kabla hajatanabahi. Mnyororo hufungwa chini, kwenye boriti ya kuvutia, na si penginepo.

Matunzo ya Toronto yana mashariti yake, na mkubwa wa maadui ni baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma cha kumimina hakijui kunyumbuka. Injini iliyoachwa na maji matupu usiku mmoja wa Januari huamka imepasuka. Kwa hiyo kabla ya majira ya baridi maji hubadilishwa kwa dawa isiyoganda, au humwagwa kabisa. Petroli nayo siku hizi huchanganywa na ethanoli, ambayo huvuta unyevu na kuila mipira ya zamani. Wenye busara huifunga koki ya mafuta na kuiacha injini iungurume hadi kabureta ikauke. Magurudumu mengi ya nyuma yalijazwa maji ya chumvi ya kalsiamu ili kuyaongezea uzito. Tairi likivuja kidogo tu, rimu huanza kuliwa na kutu, na mwenye trekta huja kugundua hali imekwisha kuharibika.

Kuna kosa jingine dogo linalowasumbua wengi. Matrekta mengi ya wakati huo yalitumia betri ya volti 6, na volti zikiwa nusu, umeme unaopita kwenye waya huwa maradufu. Mtu hununua nyaya za kawaida za gari la volti 12, ambazo ni nyembamba, akazifunga; injini ikazunguka kwa uvivu, naye akailaumu betri. Hununua betri ya pili, kisha ya tatu. Nyaya nene zingemwokoa tangu mwanzo.

Katika Ferguson, giaboksi, mhimili wa nyuma na haidroliki vyote hunywa mafuta ya hodhi moja. Mvua ikipenya kwenye mpira wa mkono wa gia, mafuta hugeuka rangi ya maziwa, na pampu inayoinua zana huanza kuchakaa. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla hajaiwasha injini ya trekta analotaka kununua, hufungua kwanza kizibo cha chini na kutazama kinachodondoka.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawatakuwa wageni wa jina la Massey Ferguson. Aina za 35 na 135 zilifanya kazi katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, na nyingi kati yake zilibeba injini ya Perkins ya silinda tatu. Aina ya 240 iliyokuja baadaye iliendelea na injini ya ukoo huohuo. Kwa sababu hiyo fundi wa Nakuru au wa Moshi bado hupata vipuri, na jembe la sahani lililonunuliwa kwa trekta moja huweza kufungwa kwenye jingine.

Pasipokuwa na uwiano huo matokeo yake hujulikana. Mpango wa karanga wa Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, uliletewa mitambo chakavu iliyosalia vitani, mingine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Vipuri vilikuwa haba, mafundi wachache, na mibuyu na udongo mgumu vikamaliza kazi. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36.

Toronto yenyewe haikuokoka. Kampuni ililemewa na madeni, ikabadilisha jina kuwa Varity mwaka 1986, na tawi la mashine za kuvunia huko Brantford likafilisika mwaka 1988. Mwaka 1991 makao makuu yalihamia Buffalo, nchini Marekani, na mwaka 1994 jina la Massey Ferguson likanunuliwa na kampuni ya AGCO ya Marekani.

Lakini swali la nani ana haki ya kufunga zana gani kwenye mashine ya nani limerudi Kanada kwa sura nyingine. Mashine za leo huzungumza na zana zake kwa kompyuta, na kompyuta hiyo huweza kufungwa kwa kufuli za kidijitali. Bunge la Kanada lilielezwa mfano wa Honey Bee, kiwanda cha Saskatchewan kinachotengeneza vichwa vya kuvunia vya kufungwa kwenye mashine za kampuni nyingine: chuma kinaweza kuingia sawasawa, na mashine ikakataa kukitambua. Tarehe 7 Novemba 2024 sheria mbili ziliidhinishwa kurekebisha sheria ya hakimiliki. Moja humruhusu mwenye mashine kuivunja kufuli hiyo ili kuitengeneza. Ya pili humruhusu kufanya hivyo ili vyombo viwili vielewane.

Hakuna kati ya sheria hizo inayomlazimisha mtengenezaji kutoa maelezo ya programu yake au kuuza vipuri. Mkulima ameruhusiwa kuifungua kufuli, lakini ufunguo atautafuta mwenyewe.