Wanafunzi wa udaktari wakibisha hodi, tuwafunze
(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakaazi wa Ainabkoi)



Nitaanza na kisa cha nyumbani. Mama yangu ana shinikizo la damu. Siku moja alifika kliniki saa sita mchana, akaitwa mzembe mbele ya wagonjwa wengine. Angeulizwa, angeeleza: mvua iliharibu barabara, boda boda ikataka nauli mara mbili, na maziwa yalikuwa lazima yauzwe kwanza. Hakuulizwa. Alikaa miezi mitatu bila kurudi kuchukua dawa.

Hakuna anayezaliwa akijua kumuuliza mgonjwa maswali hayo. Hufundishwa. Ndiyo maana Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1990, huwatuma mashinani kupitia mpango wa COBES, yaani mafunzo na huduma katika jamii. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi hukaa katika vituo vya afya vya mashambani, hutembelea maboma, na kuuliza kuhusu maji, vyoo, lishe na chanjo.

Wanachojifunza ni usawa katika afya. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Lakini aliye Kapsoya, karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na aliye kijijini kule Olare hawasafiri mwendo mmoja kuifikia haki hiyo. Wa mbali akihudumiwa kana kwamba anaishi mjini, ataachwa nyuma.

Kwa hivyo wakibisha hodi, tuwakaribishe na tuwaambie ukweli. Kama maji hunywewa bila kuchemshwa kwa sababu kuni ni ghali, tuseme. Nasi tuna haki ya kuuliza habari zetu zitatumiwa vipi, kukataa swali, na kuomba waje barazani kutueleza walichogundua. Tukijua, tutarekebisha yaliyo yetu, na mengine tutayapeleka kwenye vikao vya umma vya bajeti ya kaunti.

Mwanafunzi huyo huenda ndiye atakayekuwa zamu usiku utakapomkimbiza mtoto wako hospitalini. Tumfunze leo kuuliza kabla ya kulaumu.